Tulikwenda Mua Kutafuta Kinyago Chetu

Wengi mmetuuliza, kanisani na pale bombani, ilikuwaje familia ya watu sita ikasafiri mbali hivyo kwenda kutazama vinyago wakati nyumba yenyewe inavuja. Swali ni la haki. Basi tumeonelea tuandike hapa gazetini, tuwajibu wote mara moja, na wale wa mbali pia wasikie.

Jambo lilianza na binti yetu wa tatu, mwenye miaka 11. Ilikuwa mwezi wa saba, watu wamekwisha kuvuna, na ninyi mnajua mwezi huo huku Dowa ulivyo: ngoma zinalia vijijini usiku kucha, na mchana unaweza kukutana njiani na wale wa Gule Wamkulu. Mtu amejivika matambara na manyoya, amejipaka udongo, uso wote umefunikwa, anakimbia huku anatimua vumbi. Sisi wa kambini tukiwaona huwa tunaingia ndani na kufunga mlango. Siku ile mtoto alikuwa anatoka kununua unga ng'ambo ya kambi, peke yake, na mmoja akamkimbiza. Hakumgusa, tuseme ukweli. Lakini mtoto alianguka, unga ukamwagika wote, kandambili moja ikapotea, na akafika nyumbani hana sauti.

Kutoka siku ile akakataa kutoka nje. Wiki tatu hakwenda shule. Ukimtuma bombani analia. Usiku akisikia ngoma anaingia katikati yetu kitandani kama mtoto mchanga.

Nyumba ikagawanyika. Baba alisema watu hawa wanatudharau kwa sababu tu wageni, na kwamba mtu anayefunika uso ana jambo la kuficha. Hatukumlaumu. Kule Uvira, wakati wa vita, aliona watu waliofunika nyuso wakiingia nyumba kwa nyumba, na mengine hasemi mpaka leo. Mama alisema hapana, mbona wanakimbiza hata watoto wao wenyewe, mbona hata wanawake wa kijiji tunawaona wakikimbia huku wanacheka? Baba akajibu kwamba anayecheka ni yule anayejua mwisho wa mchezo. Kwa kweli hapo hata mama alinyamaza.

Aliyetusaidia ni jirani mmoja Mmalawi, mwalimu, ambaye huwa tunampa sombe na yeye anatuletea mahindi mabichi. Alisema kama mtoto anaogopa vinyago, mpelekeni mahali vinapolala. Tukadhani ni mzaha. Kumbe kuna makumbusho ya namna hiyo, huko Mua, wilaya ya Dedza, na kwaya moja ya hapa kambini ilikuwa imekodi minibasi kwenda huko na viti havijajaa. Tukaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, tukauza kuku wawili na debe la maharage, tukaenda. Akina mama fulani walisema ni anasa. Labda. Lakini mtoto asiyekwenda shule wiki tatu naye ni hasara, tena kubwa kuliko kuku.

Njia hatutaisimulia sana. Tuliondoka giza bado, tukapita Salima, tukageuka kusini kufuata bonde la ziwa. Joto, mibuyu, na mtoto wetu wa mwisho akatapika mara mbili. Ni hayo tu.

Mua ni misheni ya zamani, mapadre walifika pale mwaka 1902. Makumbusho yanaitwa Chamare, na yako ndani ya kituo kinachoitwa Kungoni, ambacho padre mmoja kutoka Kanada, Claude Boucher, alikianzisha mwaka 1976. Wachewa walimpa jina la Chisale. Padre huyu alitumia miaka mingi kujifunza mila ambazo mapadre wa kwanza walizipiga vita, mpaka akaandika kitabu kikubwa juu ya vinyago hivyo. Jambo hilo peke yake lilituchekesha: misheni iliyokataza ngoma, sasa ndiyo inayoitunza.

Pale mlangoni baba alikuwa na wasiwasi wa bei. Tunajua mahali pengi kuna bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, na ya mgeni inaumiza. Akauliza kwa Kichewa chake cha sokoni, sisi tunahesabiwa upande gani? Yule kijana wa tiketi akauliza tunalala wapi. Tukasema Dzaleka, Dowa. Akasema basi ninyi ni watu wa Dowa, akatukatia tiketi. Baba alikaa na kile kikaratasi mkononi muda mrefu, hata hakukitia mfukoni.

Mzee aliyetutembeza aliposikia Dzaleka, alitikisa kichwa. Sisi tunaizoea jina hilo, tunalitaja kila siku kama mtu anavyotaja jina la mtaa. Kwa wazee wa Malawi ni jina jingine kabisa. Kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994, pale palikuwa gereza la wafungwa wa siasa wa wakati wa Rais Banda, na maana ya jina ni kama mtu kusema, nimekoma, sirudii tena. Mzee alisema utotoni kwao mtu hakulitamka kwa sauti. Watoto wetu waliozaliwa hapo walimtazama kwa mshangao.

Sasa tuingie ndani. Chumba cha kwanza hakina cha kutisha. Ni habari za watu wa sehemu hii na jinsi kila mmoja alivyofika. Hapo ndipo mama alipopata habari yake. Mzee alieleza kwamba Wachewa, kwa masimulizi ya wazee wao, walitoka kaskazini magharibi, nchi ya Waluba, Katanga, karne nyingi kabla ya Mzungu. Mama ni Mluba wa Manono! Alimwomba mzee arudie. Mzee akarudia. Mama akasema, kwetu chifu tunamwita mfumu. Mzee akacheka akasema, na sisi pia ni mfumu. Wakasimama pale wakipeana maneno kama watu waliopotezana sokoni, mengine yanafanana, mengine hayafanani hata kidogo, mpaka watu wa kwaya wakaanza kulalamika kwamba wanacheleweshwa.

Halafu wakaja Wangoni. Hao waliondoka kusini kabisa, wakikimbia vita vya wakati wa Shaka. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa, na kundi lingine la Maseko lilizunguka likafika hadi upande wa Songea, likafukuzwa huko, likarudi kusini likakaa huku Dedza na Ntcheu. Yaani walikimbia, wakafika, wakafukuzwa, wakaondoka tena. Mtoto wetu mkubwa akasema, hawa nao walikuwa na faili ngapi? Mzee hakuelewa, sisi tukacheka mpaka tukaona aibu. Bila shaka Wangoni walikuja na mikuki na wakateka watu, si kama sisi tuliokuja na masufuria. Lakini safari yenyewe tuliielewa.

Wakaja Wayao kutoka upande wa Msumbiji, na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani. Hapa ilikuwa zamu yetu kuinamisha kichwa. Miaka ya 1840, Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijenga makao yake Nkhotakota, na watumwa wakavushwa ziwa kwa majahazi kwenda pwani. Kiswahili kilifika ziwani pamoja na biashara ile. Sisi tunadhani Kiswahili ni lugha ya kuimbia kwaya na kugombania foleni ya maji, tukidhani kimeletwa Dowa na sisi wenyewe. Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba lugha yetu ilifika hapa mbele yetu, na haikuja na sura nzuri. Mzee alisikia. Hakusema kitu.

Chumba cha vinyago ndicho cha mwisho. Tuwaambieni wazi: binti alisimama mlangoni akakataa kuingia, na sisi wakubwa pia miguu ilikuwa mizito. Ni mamia ya nyuso, ukutani, juu, kila upande, zinakutazama. Nyekundu, nyeusi, njano. Nyingine ina meno ya kweli, nyingine nywele za mnyama, nyingine mashavu yamevimba kama ya mlevi. Kijijini mwanamke hawezi kusogelea vitu hivi hivi hivi, lakini hapa akina mama wa kwaya walikuwa wanapita na mikoba yao, mmoja anakula karanga. Ndiyo ajabu ya makumbusho.

Mzee alianza na wale wanaofanana na watu tunaowajua. Akamwonyesha binti, kutoka pale pale mlangoni, uso mmoja mwekundu wenye masharubu. Akauliza, huyu ni nani? Binti akasema, Mzungu. Ndiye, anaitwa Simoni. Amechukua jina la Simoni Petro wa misheni na sura ya bwana mkubwa wa serikali ya Kiingereza, vyote pamoja, ili wanakijiji wamcheke anavyotembea kwa majivuno. Halafu akaeleza kwamba yumo mfanyabiashara wa watumwa, wamo wanyama, imo mizimu ya wafu. Imo hata Honda! Ndiyo, pikipiki. Imo helikopta. Kila kilichoingia kijijini kikaleta kelele, hofu au majivuno, siku moja kilipewa umbo na kuchezwa, mara nyingi kuonyesha tabia mbaya ili watu wajifunze. UNESCO iliitangaza ngoma hii mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu, kwa Malawi, Zambia na Msumbiji pamoja. Kwa Honda binti alicheka. Akaweka mguu mmoja ndani.

Lakini kilichotugeuza kichwa sisi wakubwa ni jambo lingine. Baba aliuliza, kwa nini lazima wafunike uso? Alikuwa amelibeba swali lile toka Dowa. Mzee akamweleza kwanza kwamba aliye ndani ya kinyago hahesabiwi kuwa mtu tena, ni mzimu au mnyama. Kisha akamwambia mambo ya ndoa. Kwa Wachewa ukoo unafuata mama. Mwanamume akioa, kwa desturi anakwenda kukaa kijijini kwa mke, na huko anaitwa mkamwini. Ardhi si yake, watoto ni wa ukoo wa mke, wenye neno ni wajomba. Yeye ni mgeni tu, hata akikaa miaka 30. Sasa wanaume hawa wageni, kila mmoja kijijini kwa mke wake, walipata ndani ya Nyau mahali pa kukutana, wa kijiji hiki na wa kile, na kuwa na nguvu kidogo. Yaani ndani ya kinyago kile kinachotukimbiza njiani huenda yumo mwanamume ambaye nyumbani hana hata sauti.

Baba alinyamaza. Na lazima tuseme, maana majirani wote wanajua, yeye alipomwoa mama alihamia kiwanja cha bibi, mama mzazi wa mama, kwa sababu yeye alikuwa analala kwenye banda la wanaume bila wake. Mpaka leo nyumba tunayokaa ni ya bibi. Mama akamtazama, akasema, shikamoo mkamwini. Kwaya nzima ikalipuka. Jina hilo limemfuata hadi kambini, na ninyi mnaomwita hivyo barabarani sasa mnajua lilikotoka.

Ndipo mtoto wetu wa pili akauliza swali lililotupa kichwa cha habari hii: cha kwetu kiko wapi? Kama kila aliyefika amepewa sura, Mngoni, Mwarabu, Mzungu, Honda, na sisi tupo Dowa toka 1994, tena tulijengewa kambi ya watu kama 10,000 na sasa tumepita 50,000, iweje tusionekane? Tukatafuta ukutani kweli, kama watu wanaotafuta jina kwenye orodha ya safari. Mzee alisema cha mkimbizi hajakiona katika chumba kile. Akaongeza kwamba vinyago havijaisha kuchongwa, na hata Honda haikuwepo kabla Honda hazijaja. Hatukujua tufurahi au tusikitike. Mama alishukuru Mungu. Mtoto alivunjika moyo kabisa.

Nje kuna wachonga mbao wa Kungoni, wanachonga sanamu za kanisa na nyinginezo. Mmoja alimpa binti yetu kichwa cha mti ambacho hakijakamilika akishike. Uso bado hauna macho. Nyuma ni mti tu, una alama za patasi. Aligeuza mbele, akageuza nyuma, akageuza mbele tena, akauliza ni mti gani, unakauka kwa siku ngapi, na kama mchongaji huwa anajikata. Mchongaji akamwonyesha kovu kidoleni. Alikaa pale mpaka minibasi ikapiga honi.

Kurudi, ndani ya gari, ikaanza habari ya kutunga kinyago chetu. Vijana wakasema kiwe na ndoo ya njano kichwani. Mwingine akasema mwili uwe wa turubai, na kadi ya chakula ining'inie shingoni. Kicheko kikubwa. Halafu mama mmoja wa sauti ya pili akasema, lakini mzee amesema kinyago kinaonyesha tabia mbaya, sasa yetu ni ipi? Mmoja akasema kusengenyana. Mwingine akasema kuuza mgao na kunywa pombe. Kisha mtu wa nyuma, hatukumwona vizuri maana jua limekwisha kuzama, akasema, sanduku. Achongwe mtu amebeba sanduku, amevaa viatu tayari, anacheza mahali pamoja, haendi, na hakai. Hapandi mwembe kwa sababu mwaka huu anaondoka. Haezeki nyumba kwa sababu mwaka huu anaondoka.

Watu walicheka kidogo, kisha gari likawa kimya hadi karibu na Salima. Chini ya kitanda chetu kuna sanduku la aina hiyo. Lina nguo za watoto tulizozinunua kwa ajili ya safari ya ndege, baada ya mahojiano ya mwaka 2016. Watoto wamekwisha kuzidi hizo nguo.

Kuna na Karonga, tusiisahau. Mwezi uliofuata baba na mtoto mkubwa walikwenda huko kumpokea mdogo wa mama aliyefika mpakani, na wakapata saa mbili za kungoja, wakaingia makumbusho ya pale, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Hayo ni ya namna nyingine. Kuna mifupa ya kuigiza ya mjusi mkubwa wa kale, Malawisaurus, shingo ndefu kama mnazi, aliyeishi huko zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Kuna habari za taya la mtu wa kale lililopatikana Uraha mwaka 1991, lina zaidi ya miaka milioni 2. Kuna na Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyepigana na Waingereza pale Karonga mpaka wakamnyonga mwaka 1895. Kiswahili chetu tena! Baba alileta maelezo mengi, lakini mama alitaka kujua kitu kimoja tu: lile bomba la maji bado lipo? Yeye alipita Karonga mwaka 2001, usiku, juu ya lori, na kitu pekee anachokumbuka cha mji ule ni bomba walilokunywa wote. Baba hakuliona. Mtoto anasema aliliona, lakini sisi tunadhani anamfurahisha mama yake.

Binti alirudi shule jumatatu baada ya Mua. Si kwamba hofu imekwisha. Mwezi wote wa kwanza alipelekwa na kaka yake, na ngoma zikilia usiku bado anavuta blanketi. Nguo za sandukuni tumempa mdogo wa mama, ana watoto wawili wanaotoshea. Sanduku lenyewe mama hajaamua.

Jumamosi iliyopita walipita tena, watatu, kwenye ile njia ya nyuma ya nyumba. Tulikuwa tunasonga bukari. Majirani wakaingia ndani, milango ikafungwa, kama kawaida. Binti alisimama nyuma ya mama, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, lakini alisimama. Wa katikati, mwenye manyoya, aligeuka akatutazama, akacheza hatua mbili za vumbi, akaendelea na njia yake.

Binti akangoja afike mbali.

“Mama,” akasema, “na yule naye ni mkamwini?”

Ndani ya nyumba baba akakohoa.